Barua ya wazi kwa wanajiolojia vijana: yasomeni maji kabla ya kuyatafuta mafuta

Wanangu mnaoingia katika kazi ya kutafuta mafuta na gesi,

Ripoti za visima mnazoniletea nizisome zinanitia wasiwasi kwa jambo moja. Mnaeleza kwa kurasa nyingi mwamba yalimozaliwa mafuta, mwamba ulioyahifadhi na tabaka lililoyaziba, kisha maji mnayapa mstari mmoja: kisima kimetoa maji. Lakini maji hayo yalijaza vinyweleo vya miamba, yaani vitundu vidogo vilivyomo ndani yake, kabla mafuta hayajakuwepo, mafuta yalisafiri ndani yake, na mara nyingi maji ndiyo yaliyoamua mafuta yatulie wapi.

Mlipofundishwa kwamba mafuta hupanda kwa wepesi wake na kukusanyika kileleni mwa kuba la miamba, hamkudanganywa. Mlifundishwa habari za maji yaliyosimama. Maji ya kina kirefu aghalabu hayasimami. Mvua inayozama kwenye nyanda za juu huyasukuma yale yaliyotangulia, nayo husafiri kilomita nyingi chini ya ardhi, pengine mamia, hadi yapande tena kwenye mabonde. Mwaka 1963 József Tóth, mtaalamu wa maji ya ardhini, alionyesha kuwa mikondo hiyo imepangika kwa ngazi, mifupi ikiwa karibu na uso wa ardhi na mirefu ikipita chini yake. Ile ya chini huenda polepole mno, ila imekuwa na mamilioni ya miaka ya kufanya kazi yake.

Kabla yake, mwaka 1953, M. King Hubbert, mwanajiofizikia wa Marekani, alikuwa ameeleza kuwa maji yakitembea, mpaka kati ya mafuta na maji haulali bapa, bali huinama kuelekea unakokwenda mkondo. Naomba mfanye hesabu hii kwa mkono wenu wenyewe. Tuseme kimo ambacho maji hufikia katika visima vya tabaka moja kinashuka mita 2 kwa kila kilomita, mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000, na ya mafuta kilo 800. Gawanyeni 1,000 kwa tofauti ya 200, mtapata 5. Zidisheni 5 kwa zile mita 2: basi mpaka huo utashuka mita 10 kwa kila kilomita. Gesi ambayo kwa shinikizo la huko chini ina kilo 200 kwa mita ya ujazo, tofauti yake na maji ni 800, hivyo mpaka wake utashuka mita 2.5 tu. Kwa hiyo gesi inaweza kubaki kileleni ilhali mafuta yamesukumwa ubavuni, na ubavu wa kuba ukiwa na mteremko mdogo kuliko mwinamo huo, mafuta huondoka yote.

Nilipokuwa na umri wenu nilishauri kisima cha kileleni kiachwe kwa kuwa kilitoa maji matupu. Vipimo vya shinikizo vya visima vitatu vya jirani vilikuwa kwenye jalada langu, wala sikuvifungua. Miaka kadhaa baadaye wengine walichoronga ubavuni wakayakuta mafuta. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwaka 1980 Tóth alikwenda mbali zaidi, akashauri mafuta yatafutwe pale mikondo ya kina inapokutana na kupanda. Mimi naukubali ushauri huo kwa sharti moja, kwamba pawepo pia mwamba uliozalisha mafuta, kwani maji hayawezi kubeba kisichokuwepo.

Mkumbuke pia kwamba maji huharibu. Maji ya mvua yakilifikia tabaka la mafuta ambalo joto lake halizidi takriban nyuzi 80 za Selsiasi, bakteria huyala mafuta mepesi na kuacha mazito yanayofanana na lami. Mchanga wa lami wa Athabasca, Kanada, ni mafuta yaliyoliwa namna hiyo. Kwa hiyo mkikuta maji yenye chumvi kidogo mahali penye kina, jiulizeni yameingilia wapi.

Ninawaomba mchore ramani ya vimo vya maji kabla ya kuchagua mahali pa kuchoronga, na kabla ya kuvilinganisha mrekebishe tofauti ya chumvi, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito na vimo vyake hupotosha. Kisima kikitoa maji, pimeni shinikizo lake na kuchukua sampuli kabla hakijazibwa kwa saruji.

Ni mimi mzee wenu.