Mama Nuru, kopo lisubiri kwanza

Mama Nuru mambo, Nuru hajambo? Sauti uliyonitumia nimeisikiliza kwenye mwendokasi nimebanwa toka Kimara, eti likizo inaisha wiki mbili zijazo kwaiyo unamuanzishia maziwa ya kopo. Shoga ngoja kwanza.

Mimi siku zangu 84 ziliisha nikarudi kazini kichwa kichwa, sijakamua hata tone la kuweka. Saa nne matiti yamejaa mawe, blauzi imelowa, nikawa nakamua chooni namwaga huku nalia. Alafu baada ya wiki yakaanza kupungua, maana maziwa yanakuja kwa kutolewa, yakikaa tu mwili unajua hayatakiwi. Kwaiyo anza leo, mtoto akishanyonya asubuhi kamua kidogo hata kwa mkono, weka friji, yanakaa siku 4. Nje kwa joto letu hili usiyaamini, ofisini kama hamna friji beba kibegi cha barafu.

Na dada wa kazi umfundishe mapema! Wangu aliona mafuta yameganda juu akajua yameharibika, akamwaga chupa nzima, nilitamani kuzimia. Ni kuyatikisa taratibu tu, na anayapasha kwa kuweka chupa kwenye bakuli la maji ya moto, sio kuyachemsha kwenye sufuria kama chai. Mama mkwe nae akikwambia maziwa yaliyoshinda kifuani yamechacha, itikia tu alafu nyonyesha.

Ila kilichoniokoa kweli sio supu wala mtori, ni ile Sheria ya Ajira ya 2004, kifungu cha 33, mama anapewa hadi masaa 2 kwa siku ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Bosi wangu alikua hajui, na mimi nilikua naona aibu kumwambia mwanaume mambo ya matiti, mwisho nikamuandikia tu meseji. Tukakubaliana lisaa nakamua kwenye stoo ya karatasi, mlango na komeo, lisaa natoka mapema niwahi kumnyonyesha. Usiku nae ananyonya anavyotaka, usingizi ndo hivyo tena.

Muandikie bosi kabla hujaripoti, usisubiri akuone umelowa. Kibegi changu sikitumii tena, kesho nakiweka kwenye basi la Dodoma, ukikipokea nipigie.