Tusiwafundishe vijana lugha ya C kwa kompaila ya mwaka 1987

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo nimelishuhudia kwa muda mrefu kibarazani kwangu, ambako vijana wa vyuo huja jioni na kompyuta zao mpakato wakiomba msaada katika mazoezi ya C, lugha ya kutungia programu za kompyuta. Wengi wao hufika wakiwa wamekwishaamini kwamba lugha hiyo si saizi yao, na baadhi wameshashauriwa na wenzao waiache wahamie kwenye lugha nyepesi. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya taabu wanayoipata haitoki kwenye lugha yenyewe, bali inatoka kwenye zana kuukuu wanazopewa darasani na kwenye mazoea ya kutosoma kile ambacho kompaila inawaambia.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, C iliundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1973 mfumo endeshi (yaani programu kuu inayoendesha kompyuta) wa Unix uliandikwa upya kwa lugha hiyo. Kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ambacho ndicho kinachoendesha simu zote za Android tunazotembea nazo, kimeandikwa kwa C kwa sehemu yake kubwa. Maandishi ya mtunga programu hupitia kwanza kwenye kompaila, ambayo huyageuza kuwa maelekezo ya mashine, ndipo programu iendeshwe. Yapo makosa yanayokamatwa hapo hapo mlangoni, na yapo yanayopenya, programu ikakubaliwa vizuri kabisa, kisha ikaharibikia mbele ya mtumiaji. Hayo ya pili ndiyo yanayowakatisha vijana tamaa.

Mwezi uliopita alikuja binti wa mwaka wa kwanza ambaye alikuwa ametunga programu ndogo ya kujumlisha michango ya kikundi cha kuweka na kukopa cha mama yake. Aliingiza mchango wa shilingi 20,000, akaingiza mwingine wa shilingi 20,000, na kioo kikamwandikia kwamba jumla ni -25536. Alikuwa ameikagua hesabu yake hata karatasi imechakaa, na nilipoisoma sikuona kasoro yoyote. Akaniuliza, "Shikamoo mwalimu, au kompyuta yangu imeingiwa na virusi?"

Kompyuta ilikuwa nzima. Chuo chake, kama vyuo vingine ninavyovijua, kinafundishia Turbo C, kompaila ya kampuni ya Borland iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1987, miaka miwili kabla ya C kupata kanuni zake rasmi za kwanza. Turbo C ilitengenezwa kwa kompyuta za DOS, mfumo endeshi wa zamani, na humo namba kamili ya aina ya `int` hupewa biti 16 tu, yaani nafasi 16 za sifuri au moja, kwa hiyo haiwezi kuvuka 32,767. Ikivuka, huzunguka na kutokea upande wa hasi, na ndiyo maana 40,000 ikapungua kwa 65,536 na kubaki -25,536. Shilingi 32,767 ni fedha ambayo mtu anaimaliza sokoni kwa safari moja. Kumfundisha Mtanzania kutunga programu za hesabu za fedha kwa chombo cha namna hiyo ni kumtega, na tena kwa kuwa Windows za biti 64 haziwezi kabisa kuendesha programu za biti 16, mwanafunzi analazimika kwanza kusakinisha programu nyingine ya kuigiza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta yake mpya, ili aweze kuanza somo la kwanza.

Kompaila za leo, kama GCC na Clang, ambazo ni za bure, huipa `int` biti 32 kwenye kompyuta za kawaida, na hapo kikomo kinasogea hadi 2,147,483,647. Kikundi cha mtaani kinaenea humo bila shida, lakini chama kikubwa cha ushirika chenye akiba ya shilingi bilioni 3 hakienei, na programu yake inaweza kukijibu kwamba kina -1,294,967,296. Hapa kuna mtego mwingine ambao umewasumbua hata watu wazima wenye ajira. Aina iitwayo `long` ina biti 64 kwenye Linux ya biti 64, lakini kwenye Windows inabaki na biti 32, kwa hiyo programu iliyofanya kazi vizuri kwenye maabara inaweza kuharibikia nyumbani bila herufi hata moja kubadilika. Anayehesabu shilingi atumie `long long` au `int64_t`, ambazo zina biti 64 pande zote mbili, na asisite.

Zana hiyo kuukuu inaacha madoa mengine pia. Mwanafunzi aliyezoea kuanza kila programu kwa `void main` na kuita `conio.h` na `clrscr` akihamia Linux anakuta programu zake zote zinakataliwa, naye anadhani amesahau C, kumbe alichofundishwa kilikuwa desturi za Borland na DOS na wala hakikuwa sehemu ya kanuni za lugha.

Sasa niende kwenye mazoea ya kutosoma. Kijana akiona maandishi mekundu hushtuka, huyafuta kwenye kioo, kisha huanza kubadilisha hiki na kile kwa kubahatisha. Chukua kosa la kawaida kuliko yote, la kusahau nukta mkato (;) baada ya `int umri = 20`. Mara nyingi kompaila huutaja mstari unaofuata, na mwanafunzi huukodolea macho mstari huo usio na hatia kwa nusu saa nzima. Sababu yake ni rahisi ikielezwa. Kwa C, kumaliza mstari hakumaanishi kumaliza sentensi, kwa hiyo kompaila huendelea kusoma ikitarajia kuikuta nukta mkato, na hugundua kwamba haipo pale tu inapokutana na neno ambalo haliwezi kuwa sehemu ya sentensi ile. Kwa hiyo ukitajiwa mstari wa 7 na huoni kitu, tazama mwisho wa mstari wa 6. Vilevile, bano moja lililosahauliwa huweza kuzaa makosa ishirini, ambayo kumi na tisa kati yake ni kivuli cha lile la kwanza. Rekebisha la juu kabisa, kompaili tena, ndipo uhesabu yaliyobaki.

Kibarazani kwangu ipo sheria kwamba mtu haruhusiwi kugusa kibodi kabla hajausoma ujumbe wa kompaila na kuusema kwa Kiswahili, kwa sauti. Mwanzoni huona aibu. Lakini Kiingereza kwa wengi wao ni lugha ya tatu, na nimeona mara nyingi kijana akifika katikati ya sentensi, "nilitarajia nukta mkato kabla ya...", akanyamaza, akacheka, akalirekebisha kosa mwenyewe kabla sijatia neno.

Zaidi ya makosa kuna maonyo, na hapa ndipo walimu wengi wanapowanyima wanafunzi msaada walio nao mkononi. GCC ikiachwa ilivyo husema machache. Ukiiongezea `-Wall` na `-Wextra` katika amri ya kukompaili, itakueleza mengi ambayo vinginevyo ungeyajua siku ya maonyesho mbele ya mwalimu. Mfano ni `scanf("%d", umri)`, amri ya kusoma namba inayoandikwa kwenye kibodi, pale mwanafunzi alipoisahau alama ya & kabla ya jina. `scanf` inahitaji kuambiwa mahali pa kuweka namba, yaani anwani katika kumbukumbu ya kompyuta, na bila alama ile inapewa kilichomo ndani ya `umri`, sawa na mtu anayempa dereva wa bodaboda bei ya nyumba badala ya namba ya nyumba. Programu inakwenda kuandika mahali pasipo pake, na mara nyingi mfumo endeshi unaiua papo hapo. Kwa `-Wall` onyo linatoka kabla programu haijaendeshwa, likitaja mstari wenyewe.

Onyo la namna hiyo pia huweza kukuamsha ukiwa umetumia kibadilika, yaani jina linalotunza thamani ndani ya programu, tuseme `jumla`, bila kukipa thamani ya kuanzia. Programu hiyo hutoa jibu sahihi leo na la ajabu kesho, kwa sababu inaanza kujumlisha juu ya takataka zilizokuwa zimebaki kwenye kumbukumbu. Andika `int jumla = 0` na usiulize maswali.

Suala la majina ya watu linastahili aya yake. Jina Mwanahamisi lina herufi 11, na mwanafunzi huhesabu akatenga nafasi 11. C huhitaji nafasi moja zaidi kwa ajili ya alama ya sifuri inayoonyesha kwamba jina limekwisha, kwa hiyo zinatakiwa 12. Baya zaidi ni kusoma jina hilo kwa amri ya `gets`, ambayo bado imo katika vitini vinavyotolewa nakala mwaka hadi mwaka, ilhali `gets` haina njia yoyote ya kujua nafasi zilizotengwa ni ngapi, na humwaga kila kinachoandikwa hata kikafurika. Mnyoo wa kompyuta wa Morris, yaani programu inayojisambaza yenyewe, ulioangusha maelfu ya mashine mwezi Novemba 1988, ulitumia upenyo wa namna hiyo hiyo kuwa mojawapo ya njia zake za kuingilia, na kanuni za C za mwaka 2011 ziliifuta `gets` kabisa. Itumike `fgets`, kwa kukumbuka tu kwamba huichukua pia alama ya mstari mpya ambayo inabidi uiondoe mwenyewe. Na anayetumia Linux aongeze `-g` na `-fsanitize=address` anapojaribu programu yake, kwani mfuriko ukitokea atatajiwa mstari uliousababisha.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni hoja ya kuhamia Rust, lugha nyingine ya kutungia programu, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015 na ambayo imekubaliwa ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 6.1 la mwaka 2022. Siipingi Rust, na ningependa ifundishwe. Kompaila yake hukataa katakata mengi ambayo C huyaachia yapite. Lakini kukataa huko huja kwa maandishi, tena marefu, na kijana aliyezoea kuyafuta maandishi mekundu bila kuyasoma atagombana na Rust siku ya kwanza kuliko alivyogombana na C mwaka mzima.

Ninachoviomba vyuo vyetu hakihitaji bajeti. Viiondoe Turbo C katika maabara na viweke GCC au Clang, vidai kila zoezi likompailiwe kwa `-Wall -Wextra`, na vipunguze alama kwa kila onyo lililoachwa bila kushughulikiwa. Vitini vinavyotaja `gets` vichapwe upya. Na mitihani ya karatasi, ambayo najua haitaondoka hivi karibuni, ingeweza walau kuwa na swali moja linalompa mwanafunzi ujumbe halisi wa kompaila na kumtaka aeleze umetokana na nini.

Binti yule wa michango alirudi juzi, safari hii na GCC. Alikuwa amepata maonyo manne na matatu ameshayamaliza mwenyewe. La nne lilimshinda kwa sababu lilizungumzia mabano, naye aliona mabano yake yote yapo. Mstari wenyewe ulikuwa `if (deni = 0)`. Alama moja ya = haiulizi kama deni ni sifuri, bali inalifanya kuwa sifuri, na kompaila ilikuwa ikimshauri kwa lugha yake ya kuzunguka kwamba, ikiwa kweli amekusudia hivyo, basi aongeze mabano. Programu ilikuwa imewasamehe wanachama wote madeni yao, akiwemo mama yake. Tukaongeza = ya pili, na madeni yakarudi.

Wako,
Fundi kompyuta na mwalimu wa jioni,
Kihonda, Morogoro.