Tusiwabebeshe walanguzi peke yao lawama za bei michezoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie lawama wanazotupiwa wafanyabiashara wa ndani ya michezo ya mtandaoni, kwamba bei za silaha na malighafi zinapanda kwa sababu ya tamaa yao. Walanguzi wapo, sikatai. Hata hivyo, ugavi wenyewe umo mikononi mwa mtengenezaji wa mchezo, kwa kuwa ndiye anayeamua bidhaa zipatikane kwa wingi gani na zitoweke kwa njia ipi.

Katika EVE Online, mchezo wa vita vya meli za angani, meli ikilipuliwa imekwenda, na mwenyewe hana budi kutafuta nyingine iliyoundwa kwa madini waliyochimba wachezaji wenzake. Vita vya B-R5RB, jina la eneo la anga mchezoni humo, vya Januari 2014 viliteketeza meli 75 za daraja la Titan, zilizo kubwa kuliko zote. Palipo na uharibifu wa namna hiyo, mchimbaji hakosi mteja. Diablo III ilikuwa kinyume chake: zana nzuri zilibaki zikiuzwa na kuuzwa tena katika mnada uliofunguliwa mwaka 2012, hadi ikawa nafuu kununua kuliko kupigana, na mnada huo ukafungwa Machi 2014.

Wapo wanaotaka bei zidhibitiwe. Hao nawaomba watazame yaliyotokea RuneScape, ambako soko kuu la Grand Exchange, lililofunguliwa mwaka 2007, halikuruhusu muamala uliopita asilimia 5 juu au chini ya bei elekezi. Kwa bidhaa adimu, mnunuzi aliweka bei ya juu kabisa iliyoruhusiwa, akasubiri, na hakuna aliyemuuzia. Biashara ikahamia pembeni: mnunuzi alilipa fedha zaidi, na muuzaji, ili mfumo uone kwamba thamani za pande mbili zinalingana, akaongeza juu ya bidhaa hiyo rundo la takataka zenye bei elekezi kubwa lakini zisizotakiwa na mtu yeyote. Bei halisi haikushuka hata kidogo. Ilifichwa tu, na mchezaji mgeni ndiye aliyeumia kwa kutoijua. Vikwazo hivyo viliondolewa mwaka 2011.

Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kugusa ugavi wenyewe, kama Old School RuneScape, toleo jingine la mchezo huo, ilivyofanya mwaka 2021 ilipoanza kutoza kodi ya asilimia 1 katika mauzo na kutumia sehemu ya mapato hayo kununua bidhaa sokoni na kuzifuta kabisa.

Ninachowadai watengenezaji ni kwamba kila badiliko linalogusa upatikanaji wa bidhaa litangazwe mapema, kwa wachezaji wote na kwa wakati mmoja, kwa sababu anayelijua siku moja kabla ya wenzake hununua akiba yote kwa bei ya jana, kisha huwauzia wao kwa bei ya kesho.

Wako,
Msomaji na mchezaji