Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: tunaomba karatasi moja

Daktari, shikamoo.

Nakuandikia kama mjomba, na kwetu Wamakonde mjomba ndiye anayeulizwa. Msimu wa korosho uliopita mpwa wangu alianguka na bodaboda akitoka ghalani. Helmeti ilikuwa inaning'inia kwenye usukani. Kituo tulikompeleka walimsafisha kidonda, wakamshona nyuzi nne juu ya sikio, wakampa vidonge vya maumivu. "Anaongea vizuri, nendeni naye nyumbani."

Kweli aliongea. Alikula, akatania, akaulizia pikipiki yake. Saa nne usiku kichwa kikaanza kumwanga, akatapika mara tatu. Tukasema ni uraka, pombe yetu ya mabibo, maana mchana alishaonja. Alipoanza kukoroma tukashukuru, angalau kapumzika. Alfajiri haamki, na mboni ya jicho moja imetanuka kuliko mwenzake.

Dar es Salaam, alikopasuliwa, ndiko nilikoelezwa. Mguu ukivimba, ngozi inavutika. Fuvu la mtu mzima halivutiki. Damu ikivujia ndani, au ubongo wenyewe ukivimba, presha ya humo hupanda. Kwa kawaida ni kama milimita 7 hadi 15 za zebaki. Ikivuka 20 na ushei ikakaa hapo, ni hatari, na inavyozidi damu hushindwa kupanda kuulisha ubongo. Mwisho ubongo husukumwa chini, ukabana mahali panapoongoza pumzi. Kumbe ule mkoromo tulioushukuru ndio uliokuwa unatuita.

Yu hai. Mkono wa kulia hauna nguvu, na jina la mwanawe hulitafuta mpaka mtoto mwenyewe amsaidie. (Pikipiki, kwa taarifa yako, haikupata hata mkwaruzo.)

Siombi kila zahanati iwe na CT scan, mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa. Naomba aliyegongwa kichwa akazimia, hata kidogo, alazwe aangaliwe kwanza. Na anayeruhusiwa, nduguze wapewe karatasi ya Kiswahili: mwamsheni usiku mumwangalie; maumivu yakizidi, akitapika tena na tena, akichanganya maneno, akipata degedege, mkono ukilegea au asipoamshika, mrudisheni usiku huohuo, hata kama ananuka pombe. Juu kabisa iwe namba ya gari la wagonjwa. Sisi tuliipata asubuhi, kwa dereva wa bodaboda.

Kijiweni tumeshachanga hela ya kurudufu nakala za mwanzo. Maneno ya kitaalamu tunayasubiri kwako.

Mjomba mtu,
Masasi