Stromae hakuikimbia Afrika, wala hajachuja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala ya burudani ya wiki iliyopita, ile iliyomweka Stromae kwenye orodha ya mastaa wa Ulaya waliochuja. Mwandishi wenu anadai kwamba mwanamuziki huyo aliikimbia Afrika mwaka 2015 kwa kuogopa malaria, kwamba mwaka 2023 aliitupa ziara yake kwa sababu ameshashiba pesa, na kwamba siku hizi hana jipya. Mimi ni muuguzi, kwa miaka mingi nimehudumia wagonjwa wa afya ya akili. Pia ni shabiki wa huyu bwana tangu wimbo wake wa kwanza uanze kupigwa redioni huku kwetu Kanda ya Ziwa. Nimesoma makala ile mpaka mwisho na nimeshindwa kunyamaza.

Nianze na Afrika, maana hapo ndipo makala ilipopotoka zaidi. Stromae, jina lake halisi Paul Van Haver, alizaliwa Brussels tarehe 12 Machi 1985. Mama yake ni Mbelgiji. Baba yake, Pierre Rutare, alikuwa Mnyarwanda, msanifu majengo, na aliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mtoto alikuwa na miaka tisa, yuko Ubelgiji kwa mama, na baba mwenyewe alikuwa amemwona mara chache tu. Mama ndiye aliyewalea yeye na ndugu zake. Kijana alisomea mambo ya filamu, akafanya kazi kwenye mgahawa wa vyakula vya haraka ili apate ada, na mwaka 2009, akiwa mwanafunzi wa mafunzo ya kazi katika kituo kimoja cha redio hapo Brussels, akawasikilizisha wenzake wimbo aliourekodi mwenyewe. Ni ule wa "Alors on danse". Ulishika namba moja Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani na kwingineko, na ulifika mpaka kwenye harusi zetu, ambako watu waliucheza bila kujua kwamba anaimba habari za madeni, talaka na uchovu wa kazi.

Halafu ikaja albamu ya pili, mwaka 2013, iliyouzwa kuliko zote Ufaransa mwaka ule. Humo ndimo ulimo wimbo wa kumtafuta baba, "Papaoutai". Mwandishi wenu ameutaja kwa mstari mmoja kama wimbo wa kuchezeka. Kuchezeka unachezeka kweli, na lile gitaa mimi linanikumbusha sebene la Kongo kila nikilisikia. Lakini naomba autazame na video yake, iliyokwisha kutazamwa zaidi ya mara bilioni moja. Mtoto wa kiume anaishi na baba ambaye ni sanamu, mwanasesere mkubwa aliyekaa kwenye kochi kavaa shati na tai ya kipepeo, macho makavu, hageuki. Nje, watoto wa jirani wanacheza na wazazi wao, kila mtoto na mzazi wanatupa mikono na miguu kwa mtindo mmoja. Huyu anamzungukia baba yake, anamchezea, anamsihi, na baba hatikisiki. Mwishoni mtoto anakwenda kukaa kwenye kochi pembeni ya yule baba, naye anakauka vilevile. Anayeigiza yule baba sanamu ni Stromae mwenyewe. Mtu aliyepoteza baba yake Rwanda anajivika mwili wa baba asiyejibu. Sijui msanii afanye nini zaidi ya hapo ndipo tuamini kwamba Afrika kwake ni jambo la damu.

Mwaka 2015 alipanga ziara ya miji ya Afrika, na Kigali, mji wa nchi ya baba yake, ulikuwamo. Onyesho lilipangwa Juni. Halikufanyika, kwa kuwa aliugua akarudishwa Ubelgiji. Hakuugua malaria wala hakuiogopa. Kilichomwangusha ni dawa ya kuzuia malaria aliyokuwa akiimeza kama wasafiri wengi kutoka Ulaya, mefloquine, iliyojulikana sana kwa jina la biashara la Lariam. Ni kidonge cha kumeza mara moja kwa wiki, na hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Kwa wengi hakina shida. Kwa baadhi ya watu huleta ndoto za kutisha, kukosa usingizi, wasiwasi mkubwa, kushuku kila mtu, hata kuona vitu visivyokuwapo, na madhara hayo huweza kuendelea baada ya dawa kuachwa. Mwaka 2013, miaka miwili kabla ya ziara hiyo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imeagiza dawa hiyo iwekewe onyo la ngazi ya juu kabisa kwa sababu hiyohiyo. Stromae alikuja kueleza hadharani mwaka 2017 kwamba hali ilimfikisha mahali ambapo, kama kaka yake asingekuwa karibu naye usiku ule, pengine angejitoa uhai.

Hapa nitoke pembeni kidogo, kwa ajili ya wasomaji ambao wataogopa dawa baada ya kusoma haya. Dawa mseto unayopewa zahanati ukipimwa ukakutwa na malaria si hiyo. SP wanayomeza wajawazito kliniki si hiyo pia. Maliza dozi yako. Ninayoisema ni mefloquine, na hata hiyo inaanza kwa daktari kumuuliza msafiri kama amewahi kuwa na sonona au matatizo mengine ya akili, maana mtu wa namna hiyo hapaswi kupewa.

Sasa nirudi kwenye madai ya kukimbia. Tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo wa 2015 Stromae aliimba Madison Square Garden, New York. Tarehe 17 Oktoba alikuwa Kigali, uwanja wa ULK kule Gisozi, kilima kilekile penye makumbusho ya mauaji ya kimbari walikozikwa zaidi ya watu 250,000. Ziara yake yote ya albamu ile, iliyozunguka Ulaya na Amerika, aliifungia hapo. Angeweza kusema afya hairuhusu, arudishe pesa za tiketi, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuja, miezi minne tu baada ya kurudishwa kwao akiwa mgonjwa. Makala yenu haina hata neno moja kuhusu usiku ule wa Kigali, na Kigali kutoka kwetu ni safari ya basi.

Kuhusu mwaka 2023 nitasema kwa kirefu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo panaponiuma kama muuguzi.

Baada ya Kigali alikaa kimya miaka mingi kwenye uimbaji. Alioa, akapata mtoto, akaendelea na kampuni yake ya mavazi na video pamoja na mke wake. Januari 2022 alialikwa kwenye taarifa ya habari ya Jumapili usiku ya televisheni ya TF1, Ufaransa. Mtangazaji alimuuliza kama muziki umemsaidia kuondokana na upweke. Alijibu kwa kuimba, palepale mezani, bila kusimama, akiitazama kamera. Wimbo ule unahusu mawazo ya kujiua: kwamba amewahi kuwa nayo, kwamba hajivunii, na kwamba amegundua si yeye peke yake anayejihisi mpweke. Wapo waliosema ni kiki, na waandishi wa habari kule kwao walibishana kama habari na matangazo ya muziki yachanganywe. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mimi nawajua wanaume wanaoletwa wodini na ndugu zao baada ya kunusurika, na karibu wote wana kitu kimoja: hawakuwahi kumwambia mtu. Mwanamume maarufu aliyevaa suti akaliweka jambo hilo mezani saa ya taarifa ya habari amefanya kazi ambayo sisi wodini tunahangaika nayo kila siku.

Albamu yake ya tatu ikatoka Machi 2022, ziara ikaanza. Aprili 2023 alifuta baadhi ya maonyesho kwa sababu za kiafya, na Mei akafuta yote yaliyobaki ya mwaka ule. Mwandishi wenu anaita huko ni kushiba pesa. Ndugu Mhariri, msanii aliyeshiba pesa haanzi kujenga jukwaa la roboti na skrini kubwa na kulizungusha Ulaya nzima, halafu aliache katikati huku tiketi zikiwa zimeuzwa. Kuacha katikati ndiko kunakoleta hasara. Mtu anaacha hivyo pale mwili au akili inapogoma. Maneno ya anajifanya, anadeka, mbona juzi alikuwa anacheka, nayasikia kwa ndugu wa wagonjwa kila wiki, na nimeona yanavyomfanya kijana aache dawa na asirudi kliniki. Yakitoka kwenye gazeti lenye wasomaji wengi yanamfikia kijana ambaye hata kliniki bado hajathubutu kwenda.

Yeye mwenyewe aliwahi kutuonyesha tabia hii. Mei 2013, asubuhi ya mvua, Stromae alionekana kituo cha tramu cha Louise, Brussels, akipepesuka kama mlevi, akiongea peke yake, akitaka kuanguka njiani. Wapita njia wakatoa simu. Muda si mrefu picha zikawa mtandaoni, watu wakisema amekwisha. Siku chache baadaye ikabainika alikuwa anarekodi video ya wimbo wake "Formidable" kwa kamera zilizofichwa. Ukiitazama utawaona wanaocheka, wanaopita wakijifanya hawajaona, na wanaomrekodi. Utawaona pia askari polisi wanaomsogelea, wanamtambua, wanamuuliza kama yuko salama na kama angependa wampeleke nyumbani. Ni dakika chache tu, na kati ya watu wote wale askari ndio waliomuuliza hali yake.

Na kuhusu hana jipya: mwishoni mwa mwaka 2024 alitoa kolabo na mwimbaji wa Kifaransa Pomme kwa ajili ya msimu wa pili wa tamthilia ya katuni ya Arcane, na wimbo ule ulipendwa mbali sana nje ya nchi zinazosema Kifaransa. Hakufanya ziara. Alirekodi, akaachia, akarudi nyumbani kwake. Kama huo ndio mwendo ambao afya yake inaumudu, mimi shabiki nimeridhika nao.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, mchapishe sahihisho kuhusu mwaka 2015: dawa iliyomdhuru, na onyesho la tarehe 17 Oktoba mjini Kigali. Pili, mkiandika tena habari ya msanii aliyesimamisha kazi kwa ugonjwa, awe wa Ulaya au wa hapa kwetu, mumuulize kwanza mtu wa afya kabla ya kupanga kichwa cha habari. Mimi niko tayari kupigiwa simu, hata usiku nikiwa zamu.

Wenu katika usomaji,
Muuguzi, Bukoba