Barua ya kufunga muhula: kuhusu ile kaunta ya katuni mliyoisikia

Ndugu wazazi na walezi,

Walionizidi umri shikamooni, wengine habari za kazi na poleni na hii baridi ya Juni, mlima Kilimanjaro wenyewe umejifunika wiki nzima hatujauona. Najua mnachotafuta humu ni tarehe na michango, hayo yapo chini kabisa na ni mafupi, ila safari hii mnivumilie kidogo maana kuna jambo nisipolieleza mimi mtalisikia kwenye bajaji likiwa limeshaota mkia. Wengine mmeshalisikia, nimeona kwenye grupu la WhatsApp mtu kaandika eti shuleni watoto wanachora mashetani na mkuu wa shule anawachekea. Mashetani hamna. Ni katuni, na kucheka nilicheka kweli.

Ilikua hivi. Mwalimu wa zamu alikamata daftari la kaunta Kidato cha Pili kwenye kipindi cha hisabati, ile kaunta ya kwaya 3 yenye jalada gumu, mbele kuna noti za Bayolojia kurasa kama 6 za kudanganyia watu, ukiigeuza juu chini ukaanzia nyuma ndio unakutana na hadithi yenyewe, kurasa 71 za peni ya bluu na nyekundu, na kila penye jua pamepakwa rangi ya njano ambayo nilipoinusa nikajua haya ni manjano ya jikoni, ya pilau kabisa. Jalada la ndani lina orodha ya wasomaji iliyopigwa mistari kwa rula: jina, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha, kusoma hapa hapa sh 50, kulala nayo sh 100, ukiimwagia chai sh 500. Aisee mimi mwenyewe sina daftari la hesabu safi namna ile. Wenye kazi ni mabinti wawili, mmoja anachora mwingine anatunga maneno, majina sitaji na naomba msianze kukisia huko kwenye grupu.

Nikaibeba nyumbani niipitie dakika 10 kabla ya kulala. Nimeimaliza saa 8 usiku.

Hadithi ni ya binti anaitwa Mkunde, yupo kidato cha pili, anakaa Majengo, mama yake anauza ndizi soko la Mbuyuni. Jioni moja anasugua sufuria akasikia watu wanabishana nyuma ya sikio lake la kushoto, kumbe mle ndani ya kichwa kuna kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kichagga, kihamba kamili, migomba, kahawa, mfongo, ule mfereji wa maji, unapita katikati maji yanalia, na chini ya mgomba mkubwa wamekaa wazee wanne kwenye vigoda, kazi yao kumshauri yeye, wakishindwa kuelewana yeye anaumwa kichwa. Wa kwanza ni Bibi Sale, badala ya nywele ana majani ya isale, na ninyi wenyeji wa huku hamuhitaji nieleze isale ni nini, mimi mtu wa kuja ndio nilifundishwa, kwamba mtu akikukosea akaja na lile jani huwezi kumfukuza. Mkunde akimkosea mtu jani moja linamdondoka bibi, na mpaka lifikishwe kwa aliyekosewa chakula hakipiti kooni, hata kama ni mtori. Wa pili ni Kinyonga. Huyu neno lake ni moja tu, ngoja.

Wa tatu ni Mawenzi, kile kilele cha pale juu mlimani, wamemchora kijana mwenye kichwa kilichopasukapasuka. Mnaijua ile ya wazee, Mawenzi moto wake ulikua unazima kila siku anaenda kuomba kaa kwa kaka yake Kibo, kile kilele kirefu, mpaka siku Kibo akachoka akamtwanga, ndio maana kichwa kimekaa vile. Sasa humu Mawenzi ana kinyongo, kaka yake ana mita 5,895 yeye 5,149, na kila akikaa anapiga hesabu ya zile mita 746, na ushauri wake wote kwa Mkunde unatokea hapo hapo, mwenzako ana simu wewe huna, mwenzako ana viatu vipya, chukua na wewe. Nilimpenda huyu kuliko nilivyotakiwa kumpenda, maana hawajamfanya mbaya, wamemfanya mwenye njaa.

Wa nne anaitwa Mzee Kengele. Kichwa chake ni kengele ya shule, amevaa koti la kaki, peni tatu mfukoni, miwani mkono mmoja umefungwa uzi mweusi. Wazazi mliowahi kufika ofisini kwangu mnajua hiyo miwani. Na yeye ana sentensi moja tu maisha yake yote, "Nitamwita mzazi wako!"

Kuhusu mashetani niseme hili tu. Niliwapitishia walimu kaunta pale stafu tukaijadili mpaka chai ikapoa, mwalimu wa dini ya Kiislamu akasema hii mbona ipo, Suratul Qiyama aya ya 2 Mwenyezi Mungu anaapa kwa nafsi inayojilaumu, na mwenzake wa Bible Knowledge akafungua Warumi 2 mstari wa 15, dhamiri inashuhudia na mawazo yanashitakiana na kuteteana yenyewe kwa yenyewe, akasema sasa si ndio baraza la Mkunde hili. Mimi niliyesomeshea Historia na Uraia miaka mingi nikamkumbuka Socrates, yule wa Athens aliyenyweshwa sumu mwaka 399 KK, yeye alisema tangu mtoto anasikia sauti ndani yake na ile sauti haikuwahi hata siku moja kumwambia fanya hiki, ilikua inamzuia tu. Kinyonga mtupu! Nikamuuliza binti anayetunga, huyu Kinyonga umemtoa wapi, nikidhani labda kasoma mahali. Akasema bibi yake alimwonyesha kinyonga kwenye mti wa kahawa, mguu anaupeleka anaurudisha, anaupeleka anaurudisha, kabla hajakanyaga tawi. Basi.

Sasa mnivumilie nifike panapouma.

Kwenye hadithi Mkunde ni mtunza hela za ziara ya darasa, na siku moja mama yake amekosa nauli ya kurudi na unga hamna, Mawenzi anamwambia chukua elfu tatu utarudisha Ijumaa, Kinyonga anasema ngoja, anachukua. Ijumaa inafika hela hamna, na anayeshikwa ni rafiki yake, anasimamishwa mstarini mbele ya shule nzima. Baraza linakaa kurasa 11. Ukurasa wa 58 ni mmoja mzima, hauna viboksi, ni kengele tu imejaa kuanzia kona hadi kona, NGOOO NGOOO NGOOO, wameikandamiza peni mpaka karatasi imetoboka, na kule chini kulia ukiangalia sana unamwona Bibi Sale, mdogo kama ukucha, mdomo wazi, kiputo chake cha maneno kipo lakini ndani hakijaandikwa kitu. Nikamuuliza yule binti, bibi hapa anasema nini? Akanijibu, "Mwalimu, haisikiki."

Mwezi wa tatu pale shuleni zilipotea sh 36,000 za ziara ya maporomoko ya Materuni. Mnakumbuka. Kuna kijana alikutwa na elfu kumi kwenye soksi, nikamuuliza akasema kapewa na mjomba, nikamwambia nitamwita mzazi wako, akanyamaza, na mimi nikahesabu kule kunyamaza kuwa ni kukiri. Nikamchapa viboko 3. Kanuni za viboko shuleni za 2002 zinasema visizidi 4, anayeruhusu ni mkuu wa shule na viandikwe kwenye kitabu, mimi vilikua 3 na nimeviandika na sahihi ipo, mkaguzi akija leo hakuna anachoniandika. Mwezi wa nne mjomba akaja, ni dereva wa bodaboda, akasema hela ile alitoa yeye ya viatu, na kuna wenzake wawili walimwona akitoa. Nilimwambia asante kwa taarifa, tutalifanyia kazi. Nikaliacha. Nilisema moyoni muhula uishe tu watoto watasahau, na kiukweli nilishaanza kusahau mimi.

Jumamosi nikaenda kwa mlinzi wetu nikamwomba anikatie isale pale kwenye mpaka wa shule, si ndio ua wetu ule wote. Akacheka kwanza, akasema mkuu wewe si mtu wa huku, nikamwambia ndio maana nakuuliza wewe. Akachagua jani, akalipiga fundo, akasema hii huendi peke yako, akavaa kofia tukapanda Hiace mpaka kwao kijana kule juu. Mama yake alikua anamenya ndizi, alipoliona jani akaweka kisu chini kabla sijafungua mdomo. Nilimwomba radhi yeye, halafu kijana, halafu mjomba kwa simu maana alikua kijiweni. Kijana aliuliza kitu kimoja, kwamba kile kitabu cha viboko kitafutwa? Nikamwambia kufuta siwezi ila naweza kuandika chini yake, na Jumatatu nimeandika, na mstarini nimelisema mbele ya waliokuwepo siku ile. Na barua hii ndio mara ya tatu, kwa sababu najua kuna nyumba lile jina la mwizi bado linatajwa mezani. Naomba lisitajwe tena.

Aliyechukua zile 36,000 simjui. Wale mabinti niliwauliza kama wanajua kitu wakasema "Mwalimu, hii ni hadithi tu", mmoja akaangalia viatu. Nilikua na mdomo wazi tayari kusema ile sentensi yangu. Nikaufunga. Wiki iliyofuata chini ya mlango wa ofisi nikakuta bahasha ina sh 5,500, nyingi ni sarafu, haina jina. Nimeiweka kwenye droo na droo sijaifunga.

Haya, ya kawaida. Shule inafungwa Ijumaa hii saa 6 mchana baada ya makande, ripoti mtachukua wenyewe, mtoto hapewi mkononi. Tunafungua Jumatatu ya pili ya Julai. Kidato cha Pili na cha Nne wana mitihani ya taifa Novemba, hao wapewe muda wa kusoma, msiwafanye wachuuzi wa likizo nzima, nusu inatosha. Hisabati bado ipo mahututi. Mchango wa chakula wenye madeni mnajijua, ada serikali iliondoa 2016 lakini mahindi na maharage hayajaondolewa bei, aliyekwama aje tuongee, nitaacha kengele nje. Sweta ni za kijani, sio bluu, sio "kama kijani".

Kaunta nimewarudishia wenyewe, kwa masharti mawili, hisabati ni hisabati haichorwi juu yake, na biashara ifanyike mapumzikoni. Wakanambia hadithi haijaisha, kuna mzee wa tano anaingia kihambani muhula ujao, ameshachorwa mwili, amekaa kigoda chake ameinamia simu, uso bado kwa sababu hajawahi kuinua kichwa wamwone. Sikuuliza ni mzazi wa nani.

Nimelipa hamsini yangu. Kwenye foleni mimi ni namba 38.

Mkuu wa Shule,
Moshi