Vidonge vyangu sikutumii

Rehema, shoga yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umekasirika kwamba daktari kampa binti yako ethosaksimidi, dawa usiyoijua, wakati mimi kabamazepini imenituliza kifafa miaka 9; ukaniomba nikutumie pakiti moja umjaribishie. Sikutumii. Usinune kwanza, nisikilize.

Kifafa changu huanzia kona moja ya ubongo. Nasikia harufu ya mpira unaoungua, harufu ambayo hakuna mwingine anayeisikia, tumbo linapanda kooni kama niko kwenye bembea, halafu sipo. Walioniona wanasema nabaki macho wazi, natafunatafuna, vidole vinachezea kifungo cha gauni, ukiniita siitiki. Dakika moja au mbili hivi, na nikirudi sijui hata ni saa ngapi. Mara mbili umeme wa ubongo uliovurugika kwenye kona hiyo ulisambaa ubongo mzima, nikaanguka, nikakakamaa na kutupatupa viungo. Kule kuanguka ndiko watu walikokuita kifafa. Vifungo na harufu, waliniambia ni mawazo tu! Kwa kifafa cha namna yangu, kabamazepini ni dawa nzuri, na lamotrijini au levetirasetamu pia.

Sasa mtazame mwanao. Kijiko kinasimama hewani, kope zinapepesa, unahesabu hadi 10, kisha anamalizia sentensi pale pale alipoiachia, wala hajui kama alikatika. Kutwa mara ishirini, na baadaye hasinzii wala hachoki. Mwalimu akasema mtoto hana makini, nawe ukamgombeza, maskini. Hicho ni kifafa cha kuzubaa. Hakianzii kona moja, kinaushika ubongo pande zote mbili kwa mpigo. Ndiyo maana aliambiwa apumue kwa nguvu dakika 3: kupumua hivyo huuamsha mzubao, na kile kipimo cha umeme wa ubongo kikaonyesha mawimbi yenye ncha, matatu kila sekunde.

Kabamazepini huko haisaidii, na inaweza hata kumzidishia mizubao. Vivyo hivyo kwa wale ambao mikono huwaruka ghafla asubuhi, wakajikuta wamerusha kikombe cha chai: dawa inayonituliza mimi inaweza kuwachochea wao.

Uliuliza pia valproeti. Hiyo hutibu aina nyingi, na daktari angeifikiria zaidi kama mwanao angekuwa anaanguka pia. Lakini ni msichana, na valproeti ikitumiwa wakati wa mimba inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ana miaka 7, najua utanicheka, ila dawa hizi mtu huzinywa kwa miaka.

Kichefuchefu na kwikwi ulizoniandikia ni za dawa yenyewe. Mpe akiwa ameshakula, na umwambie daktari, huenda akapandisha dozi polepole zaidi. Usiikatishe mwenyewe. Mimi niliwahi kuacha yangu siku tatu, nimejiona nimepona, nikazindukia sakafuni ulimi umechanika. Na ujue kwamba ethosaksimidi haizuii kuanguka kwa kukakamaa. Siku ikitokea, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika 5 hajatulia, mkimbize hospitali. Hata akitulia mapema, daktari aambiwe, maana huenda dawa ikabadilishwa.

Ninachokuomba ni kimoja: mrekodi kwa simu. Daktari wangu wa kwanza alinisikiliza miezi kadhaa bila kunielewa, mpaka kaka alipomwonyesha video ya vidole vyangu na kile kifungo. Aliitazama mara tatu, akavuta karatasi, akaanza kuniuliza upya.

Msalimie binti. Mwambie mimi, mama yake mdogo, nitampigia simu Jumapili, yeye anisomee hadithi nzima, nami nitakuwa nahesabu kimya kimya anasita mara ngapi.

Wako,
Zuhura